Kaa Pale Kwenye Zege

Dada yangu ana sebule nzuri ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuikalia. Makochi yamo, mazito, niliyavalisha mimi kwa mikono yangu kitambaa cha rangi ya maziwa. Juu ya kitambaa changu ametandika shuka, juu ya shuka ametandaza vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa ameweka macho yake. Ukikaribishwa pale unakaa ukingoni, magoti yamebana, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Dada mwenyewe na watoto wake maisha yao yako jikoni, kwenye vigoda.

"Makochi ni ya wageni," husema.

Niliwahi kumuuliza wageni ni akina nani, maana mimi nikifika huambiwa nipite moja kwa moja jikoni.

"Wageni ni watu wanaojua kukaa," akanijibu. "Wewe hukai, Msumari. Wewe unajimwaga."

Msumari ndiye mimi, kwa wembamba. Jina nimepewa na yeye, na heshima nyingine zote nilizonazo mjini amenipa yeye.

Basi katika nyumba hiyo ndimo alimolelewa binti ambaye kazi yake ni kubuni viti. Tunamwita Futi, kwa sababu tangu yuko shule alitembea na futi ya kupimia mfukoni, akapima ngazi, vizingiti, kaunta za maduka, na siku moja ya hatari akapima kiti cha mwalimu, mwalimu akiwa bado amekikalia. Alisomea usanifu wa samani, akahitimu, akaja na meza yake ya kuchorea kwenye kona ya karakana yangu ya makochi. Tukagawana dunia: mimi navalisha makochi ya wanaojua kukaa, yeye anachora viti ambavyo hakuna aliyeviomba. Viti vyake vilipigwa picha sana. Kimoja kiliwahi kutokea kwenye jarida kikiwa peke yake jangwani, sijui kilifikaje. Kukaliwa ndiko kulikokuwa shida.

Ndipo likaja tangazo. Katika wiki ya sanaa na usanifu, mji ungechagua benchi moja, na mfano wake ungetengenezwa na kuwekwa kote kwenye bustani mpya ya katikati ya mji. Futi alilisoma lile tangazo akiwa amesimama, akalirudia akiwa amekaa, kisha akanigeukia.

"Mjomba, nimechoka kutengeneza viti vya kupigwa picha. Nataka kimoja cha kukaliwa. Tena na watu nisiowajua kabisa."

"Mimi nakaa kwenye viti vyako."

"Wewe unajimwaga, mjomba."

Hiyo ndiyo familia yetu. Ukitukanwa na mama, mtoto anakurithi.

Sasa sikiliza alivyolianza hilo benchi. Alikwenda kwa mama yake na futi mkononi, akamwambia, "Mama, simama nikupime, nataka kukushonea gauni." Dada akasimama, amefurahi, anajaribu kuficha tumbo. Nilikuwepo, nimeshika ncha ya pili ya futi na kuuma mdomo nisicheke. Futi akapima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Akapima kutoka goti hadi nyonga. Akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia akae kama amechoka, akapima mgongo ulivyopinda.

"Gauni gani hili linalotaka kujua urefu wa muundi?" dada akauliza.

"Ndiyo fasheni ya sasa, mama."

"Haya. Nisionekane miguu tu."

Tulipotoka nje nikamwambia Futi mji una watu wengi wa kupima, kwa nini amsumbue mama yake.

"Kwa sababu sijawahi kumwona amepumzika," akasema. "Yule akipata kiti cha kumpumzisha, mji mzima utapumzika."

Benchi lilitoka la mbao, refu la kukaa watu wanne wasiojuana. Pa kukalia pamebonyea kidogo. Mgongo umelala nyuma kidogo tu, kama wa mtu aliyepata habari njema na bado anaitafakari. Na kwenye ncha zote mbili limepinda, ili wa huku na wa kule waonane bila kuvunja shingo. Tulilipiga msasa mpaka tukawa tunapiga chafya za mbao. Siku lilipokamilika nilikaa mimi kwanza. Mteja akaja kuulizia kochi lake, nikamsalimia vizuri, nikamwonyesha lilipo kwa kidole, sikusimama.

Gauni, kama unavyoelewa, halikuonekana. Kila tukipigiana simu dada ananiuliza, "Gauni langu limefikia wapi?"

"Liko kwa fundi, dada."

Na kweli lilikuwa kwa fundi.

Maonyesho yalifanyika kwenye ghala la zamani lililokuwa likiwekwa magunia. Sasa limepakwa chokaa nyeupe, limewekwa taa zinazomulika kila kitu isipokuwa njia, na harufu ya magunia imebaki pale pale. Masharti ya shindano la mabenchi yalikuwa ya aina yake, nayo ndiyo yaliyotutia mashakani. Waamuzi hawakutaka maneno. Mabenchi yangepangwa ukumbini bila jina la mtu. Wageni wangeingia, wangezunguka, wangechoka, na waamuzi, kutoka roshani ya juu, wangetazama tu watu wenyewe wakichoka wanaenda kukaa wapi. Benchi litakalokaliwa zaidi ndilo la bustani. Wageni wasijue kama wanatazamwa. Wabunifu wa mabenchi wasikanyage ukumbini mpaka kengele ya kufunga. Na ndugu na marafiki wasiite watu. Anayeitwa akakaa, hahesabiwi.

Futi akaapa, nami fundi wake nikaapa. Dada hatukumwambia kitu. Masharti yalitukataza, na pia hakuna aliyemtarajia. Binti yake ameonyesha kazi mara nyingi mjini na mama hajatokea. Mara moja ulikuwa mguu, mara nyingine alikuwa ameloweka nguo, na mara ya mwisho alisema wazi kwamba yeye hana cha kuongea na watu wanaovaa nguo nyeusi mchana kweupe.

Siku hiyo nilikuwa na kochi la kupeleka kwa mteja, nikafika ghalani jua likiwa limeshageuka. Futi nilimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa, anazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na kitu.

"Ingia uniangalizie, mjomba. Usiseme na mtu. Angalia tu kama wamekaa."

Nikaingia. Nikapita chini ya taa zilizotengenezwa kwa mifuniko ya sufuria, zinapendeza, ila nilijiuliza sufuria ziko wapi na zimefunikwa na nini. Nikapita rundo la viatu vya mguu wa kulia. Kijana aliyevaa nyeusi kuanzia kofia hadi soksi akanieleza kwamba kigoda chake cha mguu mmoja kinauliza swali. Nikakitazama, nikaliona swali lenyewe: utaanguka lini.

Kisha nikafika kwenye mabenchi. Moja lilining'inia kwa minyororo, na watu walilizunguka kwa adabu kama ng'ombe asiyejulikana tabia. Moja lilikuwa la chuma chembamba, hilo hata nzi hakuliamini. La tatu lilikuwa la zege tupu, kipande kinene mithili ya daraja lililosahaulika, kazi ya kijana mmoja mkimya ambaye karakana zote zinamwita Zege. Pale kwenye zege palikuwa pamejaa. Watu wamebanana bega kwa bega, wengine wanasubiri zamu.

Benchi la Futi lilikuwa pembeni yake, linang'aa, tupu. Na kando ya benchi, mkoba kwapani na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, alikuwa amesimama dada yangu.

Kabla sijafungua kinywa, mwanamume mmoja mwenye suruali ya vumbi akalisogelea benchi, anageuka kukaa.

"Ee! Ee! Baba!" dada akamwahi. "Na suruali hiyo?"

"Nataka kukaa tu, mama. Nimezunguka sana."

"Najua unataka kukaa. Nani hataki kukaa? Lakini hili ni la maonyesho, baba, mwanangu amelihangaikia. Kaa pale kwenye zege. Lile haliharibiki."

Mwanamume akaomba radhi, akaenda kwenye zege. Wakaja vijana wawili wameshikana mikono, kila mmoja na glasi ya juisi.

"Juisi na mbao wapi na wapi, wanangu? Nendeni pale kwenye zege mmwage mnavyotaka."

Nikainua macho roshani. Waamuzi wameinama, wanatazama zege, wanaandika.

"Dada!"

"Msumari! Umefika." Uso wake uliwaka. Akanishika mkono, akanigeuza nilitazame benchi. "Tazama. Ninyi hamkuniambia, redio imeniambia, na kazi ya mwanangu naijua hata bila jina. Nimefika mlango unafunguliwa, na tangu hapo hajakaa mtu. Hata mmoja! Liko vile vile kama lilivyotoka kwenu."

Nimewahi kufilisika, nimewahi kuunguliwa na karakana, nimewahi kuvalisha seti nzima ya makochi kwa kitambaa cha mteja mwingine. Nilidhani nimezoea. Nilitabasamu kwa meno yote, nikamwambia nakuja sasa hivi, nikatoka nikivuka barabara kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

"Wamekaa?" Futi akauliza.

"Wamejaa."

"Kweli, mjomba?"

"Kwenye zege." Nikavuta kiti. "Mama yako yuko ndani. Analilinda benchi lako. Kila anayetaka kukaa anamfukuza, na kila anayemfukuza anampeleka kwa Zege."

Futi alianza kucheka. Alicheka mpaka mhudumu akageuka. Kisha kicheko kikakatika, akaweka kijiko chini.

"Mama amekuja?"

"Wa kwanza kabisa."

"Amevaa nini?"

"Lile la harusi ya kaka yako."

"Benchi amelitazama?"

"Kulitazama? Amelitazama mpaka limeona haya. Anamwambia kila mtu, mwanangu amelihangaikia."

Futi akageuza uso dirishani. Akatoa futi yake mfukoni, akaivuta, akaiachia, ikarudi ndani kwa kishindo.

"Usimwambie, mjomba."

"Futi! Zege linachukua bustani!"

"Akijua ameniharibia hatakanyaga tena kwenye kazi zangu. Namjua. Atasema alijua tu pale si mahali pake. Tafuta njia nyingine, lakini usimwambie."

Njia nyingine. Nikarudi ghalani nikijikuna kichwa, na njia ya kwanza niliyoikuna ilikuwa kizunguzungu. Nilimfikia dada, nikashika paji la uso, nikalegeza magoti huku nikielekeza makalio kwenye benchi letu.

"Dada, naona giza."

"Mungu wangu! Hujala tena, Msumari!" Akanidaka kabla sijatua. Ana nguvu dada yangu, amebeba maji utotoni. Akanipitisha mbele ya benchi la Futi, akaniburuta hadi upande wa pili, akapaza sauti, "Jamani, sogeeni, ndugu yangu anaanguka!" Wakasogea. Nikakalishwa. Baridi la zege likapanda kutoka makalioni hadi kwenye fizi. Nikatazama juu: wanaandika. Nimempigia Zege kura kwa mwili wangu mwenyewe.

Nilipopata nafuu, ambayo niliipata haraka, akapita mama mjamzito, anatembea polepole, mkono kiunoni. Nikasema moyoni, hapa dada amepatikana. Hana ubavu wa kumfukuza mjamzito. Na kweli, alipomwona alilainika, akamshika mkono, akamuuliza miezi, akamwambia pole. Halafu akavua mtandio wake mabegani, akaukunja vizuri, akaenda kuutandika kwenye zege.

"Kaa hapa, mwanangu. Lina baridi kidogo, lakini sasa utakaa vizuri."

Kwa hiyo zege sasa lilikuwa na mto.

Nikaegemea nguzo. Dada akarudi kwenye lindo lake, akafuta alama ya kidole kwenye mkono wa benchi, kisha akatazama juu, kwa muda mrefu. Dada yangu si mjinga. Amelea watoto, amenilea na mimi, anajua sura za watu wanaoficha jambo.

"Msumari."

"Naam, dada."

"Wale wa juu mbona hawaangalii vitu vizuri vyote hivi, wanaangalia zege la watu?"

"Wanapenda zege."

"Nitazame."

Nikamtazama. Mtu aliyekubeba mgongoni huwezi kumdanganya ukimtazama machoni, labda uwe umevaa miwani ya jua, nami sikuwa nayo.

"Wanatafuta benchi la kuweka bustanini," nikasema. "Litakalokaliwa na watu zaidi ndilo litakalochukuliwa."

Kile kitambaa cha kufutia kilikuwa katikati ya benchi, na mkono wake juu yake, na mkono haukusogea tena. Akalitazama benchi tupu. Akalitazama zege, yule wa suruali ya vumbi, wale wa juisi, mjamzito juu ya mtandio.

"Mtoto anajua?"

"Anajua. Yuko mgahawani. Amenikataza nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umekuja, dada. Anaogopa hutakuja tena."

Hilo lilimwingia kuliko lile la kwanza, niliona. Akaweka sawa mkoba kwapani.

"Kwa hiyo nikae," akasema.

"Ukae, dada."

"Mimi? Na nguo hii?"

"Na nguo hiyo."

Akalifuta kwanza. Kisha akakaa ukingoni kabisa, magoti yamebana, kama mgeni kwenye sebule yake mwenyewe. Nikamwambia ajisogeze nyuma. Akajisogeza kidogo. Nikamwambia tena. Akajisogeza, na hapo nikaona visigino vyake vimegusa sakafu sawasawa, magoti yametulia, na ule mgongo wa kupinda ukaupata mgongo wa mbao ukiwa umeshapinda unamsubiri.

Kisha, kwa sauti ndogo:

"Msumari, mbona linanienea hivi?"

"Si ulipimwa."

"Nilipimwa lini?" Akanitazama, akaanza kukumbuka, kisigino, goti, nyonga, kigoda. "Gauni langu..."

"Ndilo hilo, dada. Lilichelewa kwa fundi."

Hakucheka, wala hakunitukana. Aliegemea. Nimemjua dada yangu tangu sijajua jina langu, na sikuwahi kuona mabega yake yakishuka. Yalishuka. Akafumba macho katikati ya watu wote wale, kwenye taa zote zile, na kwa muda huo hakuwa akimlinda mtu wala kitu.

Halafu akafumbua, akasimama wima. "Wewe wa suruali ya vumbi!" Ukumbi mzima ukageuka. "Ndiyo, wewe, baba! Rudi huku! Na wale wa juisi! Njooni mkae, nilikosea!"

"Dada, subiri," nikamvuta mkono, "masharti yana sehemu ya pili..."

Lakini mimi nilikuwa bado naivuta pumzi ya kuisema, na yeye alishamshika wa suruali ya vumbi kwa bega na kumketisha. Wale wa juisi wakaja wanacheka. Mjamzito akaja na mtandio. Watu wakamiminika, kwanza kwa kuvutiwa na kelele, kisha, nilivyoona mimi, kwa kuvutiwa na sura za waliokaa. Dada akajipenyeza katikati yao.

Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye hereni kubwa kama bangili, akainama kutoka roshani.

"Mama! Hairuhusiwi kuita watu!"

"Na wewe shuka ukae, mwanangu!" dada akamjibu. "Umeinama hapo tangu asubuhi, mgongo ni wako!"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Yule mwenye hereni akarudi nyuma haraka, nadhani ili asionekane naye anacheka.

Kengele ya kufunga ikalia. Milango ikafunguliwa wabunifu waingie, na Futi akaingia mbio, akasimama. Mabenchi yote yalikuwa yanaachwa, hata zege. Kwenye lake hakuna aliyenyanyuka. Wa suruali ya vumbi alikuwa anamsimulia kijana wa juisi habari za goti lake. Mjamzito alikuwa amelala. Katikati yao mama yake, amevua viatu, anawaonyesha watu jinsi mgongo ulivyopinda. Mlinzi wa ghala ilibidi awasihi mmoja mmoja.

Matokeo yalitangazwa papo hapo. Lilishinda zege. Mwenye hereni alisoma kwa sauti ya upole kwamba benchi la mbao halikukaliwa na mtu kwa sehemu kubwa ya siku, na waliolikalia mwishoni waliitwa, kwa hiyo hawahesabiwi. Watu wakampigia makofi Zege, kijana akasimama kama kazi yake, hajui mikono aiweke wapi. Walipomtafuta ili wampige picha hawakumwona. Alikuwa amekaa kwenye benchi la Futi, amenyoosha miguu. Ilibidi aitwe tena na tena.

Dada akamwendea binti yake, viatu mkononi.

"Mwanangu, nimekufukuzia watu."

"Mama, ulikaa?"

"Nilikaa."

"Ukalionaje?"

Dada akafikiri. "Limenienea. Ila halina mikono ya kutosha, na nimeonekana miguu."

Futi akamkumbatia, akacheka kwenye bega lake, na kicheko kile kilikuwa na maji. Lakini kushindwa ni kushindwa. Kwenye gari la kubebea mizigo tulikaa mbele watatu, tumebanana, benchi limefungwa kamba nyuma, na Futi njia nzima alikuwa anavuta futi na kuiachia, anavuta na kuiachia.

"Nilitaka tu likaliwe na watu nisiowajua," akasema mara moja tu, akikiambia kioo cha dirisha.

Dada alikuwa katikati yetu. Alisikia.

Karakana haikuwa na nafasi, makochi ya watu yamejaa hadi mlangoni, kwa hiyo dada akasema benchi liende kwake. Nikajua mwisho wake: sebuleni, shuka, vitambaa, macho. Nyumba ya dada iko juu ya mteremko mkali, kila anayefika pale hufika anahema, awe anakuja kwake au anapita tu. Tukalishusha, mimi huku Futi kule, tunahema, tukalielekeza mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" dada akauliza.

"Ndani."

"Liwekeni hapo." Akaonyesha ukutani, nje, kwenye kivuli, pale njia inapopita.

"Nje, dada? Kuna vumbi."

"Naliona."

"Na watu wanapita."

"Msumari, nimesema hapo."

Tukaliweka. Hakulitandika kitu. Alisimama akalitazama kwa uchungu, mkono umeshika kile kitambaa cha kufutia, kisha akakisokomeza ndani ya mkoba na kuufunga zipu.

Nilikwenda siku chache baadaye na Futi. Tulisimama chini kidogo ya mteremko, tukijifanya tunapumzika, na kweli tulikuwa tunapumzika. Kwenye benchi alikuwepo fundi rangi na ndoo zake, ovaroli limejaa madoa. Kando yake mwanamke na mfuko wa viazi. Ncha ya pili mzee amefumba macho. Wa huku na wa kule walikuwa wanaongea bila kugeuza shingo.

"Unawajua wale, mjomba?"

"Hata mmoja."

Futi akaendelea kuwatazama. Futi yake ilikuwa mkononi, lakini hakuivuta.

Dirishani, pazia lilikuwa limesogea kidogo, na nyuma ya pazia niliujua mkono wa dada ulivyolishika kwa nguvu. Ovaroli lile lilikuwa linamla. Lakini alivumilia. Alivumilia viazi, alivumilia ndoo. Ndipo akafika kijana mmoja anayehema, akasimama mbele ya benchi, akainua kiatu chake chenye tope na kukiweka juu ya mbao ili afunge kamba.

Pazia likafunguka lote.

"Baba!" sauti ikatoka. Fundi rangi akaruka. Mimi na Futi tukashikana mikono. "Karibu, kaa, pumzika, umechoka na mlima. Ila huo mguu ushushe. Kama hujui kukaa, wanaweka zege kule bustanini."